Pedale ya Mama-buko

Jumamosi, siku ya posho, 8 Novemba

Mvua imeanza. Imeanza vile inaanzaka kila mwaka: inatoboka mu bati pa upande yangu ya kitanda, na pa upande ya bibi yangu Simone hakuna ata tone. Sisemi kitu. Ile bati nilifunga mi mwenyewe, wakati ningali na mikono mbili.

Sasa niko na moja na nusu. Mu mwezi wa tisa tension ya damu ilipanda, nikaanguka pa mlango ya choo, fasi ya haya. Mukono ya kuume ikabaki inalala. Docta alisema nisikae sawa jiwe, nikuwe natafuta kazi ya mikono, njo maana naandika. Naandika na ya kushoto. Ukiona herufi zinapanda na kushuka sawa barabara ya Mutoshi, usicheke. Masomo yangu iliishia ku darasa ya ine, na hii mukono haikuingiaka ata ku ya kwanza.

Mukono si neno. Bukari, ugali yetu, nakula na kijiko sawa muzungu. Neno ni motokari. Iko kule nyuma, chini ya bati ingine yenye haivuje. Monpere mumoja, padiri muzungu, aliachia baba yangu wakati alirudi Bulaya, na alipoiacha ilikuwa tayari muzee. Tunaiita Mama-buko, juu ni sawa mama-mukwe: imekaa mu nyumba yako, inapiga kelele wakati inataka, na huwezi kuijibu.

Ile motokari, gazi yake, ya kuongeza mwendo, haiko ku muguu sawa motokari ya bakristu bengine. Ni kijiti ya chuma chini ya volan, usukani, upande ya kuume, unaivuta na vidole. Chini iko na pedale tatu: ya kuondoka, ya kurudi nyuma, ya freni, breki. Ya gazi hakuna. Na vidole vyangu vya kuume sasa haviwezi kuvuta ata pua.

Kisha Pasaka kupita, mujukulu wangu Falonne anaolewa. Kwetu kambo, babu, na mujukulu mwanamuke ni bwana na bibi kwa utani, kila mutu anajua. Baba yake atamutoa, lakini mi njo nitamuachilia, juu mi njo bwana wa kwanza. Bana bangu babinti bote balienda ku kanisa mu Mama-buko, mi ku volan. Sasa Simone anasema: kama mpaka Pasaka haujaiendesha, batu ba mitraye, ba kununua vyuma vya kutupa, banakuja na kamio yabo, banaikata, banaipeleka na vyuma vingine. Nilikubali mbele ya batu. Nilikuwa bado mugonjwa, nilikuwa nakubali kila kitu.

Posho, 15 Novemba

Muchumba wa Falonne alikuja kujionyesha. Jina yake Gradi. Anafanya kazi ku kampuni moja ya shaba. Kazi yake ni kuambia benzake bavae kaske, ile kofia nguvu, ku kichwa. Banamulipa juu ya ile.

Mutu mwenye kuoa mujukulu anapashwa kutuliza kambo, juu anamunyanganya bibi. Kawaida ni mbuzi ao blanketi. Balipouliza nataka nini, nikasema mbuzi ananuka, na blanketi niko nayo, imezoea jasho yangu. Mi nataka pedale ya gazi, ya muguu, ku motokari yangu. Na atengeneze na mikono yake, hapana ku duka. Batu balicheka sana. Mi pia nilicheka.

Yule kijana hakucheka. Aliuliza, "Ya muguu gani, Kambo?"

"Ya kuume. Ulisha kuona gazi ya kushoto?"

Jumapili, siku ya yenga, 16 Novemba

Nimejifunga na kamba yangu mwenyewe. Dada yangu Fidélie, mwenye kuniita yaya, ni kusema kaka mukubwa, alifika toka Mutshatsha na mifuko ya makala ya kupikia, na kabla ya kukunywa mayi alikuwa amesikia yote. Fidélie njo shangazi mukubwa, yeye njo anashika desturi yetu ya kule kaskazini, na anaishika sawa polisi anashika mutu wa taxi-moto, pikipiki, bila kibali.

Anasema: kazi ya buko, ya mukwe, mwenye nyumba haigusi. Ata na kidole, ata na shauri. Buko asiulize, mwenye nyumba asijibu. Ukisaidia, kazi imekufa, inaanza upya, na ndoa inangoja.

Nikasema nilitaja pedale kwa muchezo. Akasema mbele ya bakubwa hakuna muchezo. Neno ikisha kutoka haina mukia ya kuivutia.

Posho, 22 Novemba

Gradi alikuja. Na kaske, na koti ya manjano yenye kungaa, na miwani, na vile bitu vya plastiki vyekundu vya kuzuia batu barabarani. Alivipanga kuzunguka motokari yenye imelala bila kutikisika tangu mwaka juzi. Kuku balipita katikati. Kisha akazunguka Mama-buko sawa mutu wa Njia ya Musalaba, anasimama kila fasi, anainamisha kichwa, anaendelea. Alifanya vile mpaka mvua ikamufukuza. Hakugusa kitu.

Nilimuuliza Falonne huyu alimutoa wapi. Akasema, "Ku korali ya kanisa, Kambo." Nilifikiri vile.

Posho, 29 Novemba

Mvua. Gradi alikuja, akafunga kipande moja, akaifungua, akarudi kwabo.

Posho, 6 Desemba

Leo tumekuwa na pedale. Ni kipande ya mbao na bawaba ya mlango, na kamba ya freni ya kinga, zile baiskeli za batu ba makala. Kamba inatoka ku mbao mpaka ku kifuniko ya karbiratere, ile inapimia mashini mafuta. Gradi akazungusha manivele, kile chuma cha kuwashia pa mbele, Mama-buko akakohoa, akawaka. Akaenda kukanyaga. Ikazimika. Akawasha tena, akakanyaga, ikazimika.

Kamba ameifunga upande ya kinyume. Ukikanyaga inafunga gazi, ukiondoa muguu inafungua. Ukitaka kusimama unakanyaga, ukitaka kukimbia unaondoa muguu. Ni motokari ya mutu mwenye kulala.

Mi niko pa kiti, naona yote, ulimi unaniwasha. Fidélie eko pembeni yangu anachambua maharagi, macho yake haiko ku maharagi, iko ku kinywa yangu.

Posho, 13 Desemba

Nimepata njia. Sheria inakataza kuongea na buko. Haikusema kitu juu ya motokari. Nilivuta kiti karibu, nikaanza kumuongelesha Mama-buko na sauti ya juu. Nikamuuliza kama alisha kuona mutu anafunga mbuzi ku mukia, alafu anashangaa juu ya nini mbuzi anaenda nyuma.

"Unaongea na nani, yaya?" Fidélie akauliza.

"Na motokari."

Fidélie akarudisha macho ku maharagi. Yule kijana akasimama, akakuna kaske (kaske, si kichwa), kisha akageuza kamba upande ingine. Mashini ikanguruma sawa ng'ombe.

Sasa ilinguruma na haikutaka kunyamaza, juu kamba inavuta lakini haisukumi. Kitu ya kurudisha pedale juu hakuna. Nikaanza kuongea na kuku.

Posho, 20 Desemba

Ameweka mupira wa tubu ya kinga juu ya kurudisha pedale. Mashini ikiwa baridi inarudi muzuri. Ikipata moto, mupira unalegea sawa shemeji akisha kula. Niliambia jogoo kwamba chuma inapendaka chuma. Fidélie akasema jogoo yangu amekuwa mutu wa masomo ya juu.

25 Desemba

Noeli. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, kuku mumoja mukonde mwenye hakuwa jogoo. Gradi alikuja kusalimia: kwanza akaenda kuona pedale yake, kisha akanisalimia mi, kisha Falonne. Falonne akanuna mpaka mangaribi.

Mi nilifurahi kidogo. Sijui juu ya nini.

Posho, 3 Januari

Leo Gradi ameweka resori, springi ya kitanda. Kali sana. Alikanyaga na miguu mbili, pedale ikamutupa mu kiti ya nyuma. Nilicheka mpaka Simone akafikiri tension imerudi.

Posho, 10 Januari

Resori ya taxi-moto, ile inainuaka chuma ya kusimamishia. Hii njo yenyewe. Anakanyaga, sauti inapanda, anaachia, inashuka. Alifanya vile mara nyingi, sawa mutu anafundisha mutoto kuimba. Niliinamisha uso mu kilauri ya chai. Simone akauliza kama nalia. Moshi, nikasema.

Posho yenye kuja nitapanda mi mwenyewe.

Posho, 17 Januari

Jua, kisha juma nzima ya mvua kupita. Udongo bado ulikuwa unateleza. Batu bote balitoka kuangalia, ata jirani mwenye hatusalimiane.

Gradi alizungusha manivele. Ikamupiga ku kiganja, akarudia, ikawaka. Mi nikapanda. Muguu ya kushoto ku pedale ya kuondoka, ya kuume ku ile mupya, mukono ya kushoto ku volan. Nikakanyaga polepole, na Mama-buko akatembea. Nasema akatembea, na mi juu yake. Tulipita pa mlango, tukafika ku mutaa, bana bakapiga mikono. Nilizunguka pale pa muti ya mapera, nikaanza kurudi nyumbani sawa shefu mukubwa. Mu ile wakati sikuwa na mukono yenye kulala, sikuwa na tension, sikuwa na kitu.

Pa kuingia mu lupango, kiwanja yetu, nikataka kuondoa muguu.

Niliiambia muguu toka. Ikajibu inakuja, sawa mutu wa biro ya serikali anakuambia karatasi yako inakuja. Na freni iko ya muguu ile ile. Mama-buko akaingia mu bustani ya sombe ya Simone, akapita katikati, akaingia mu nyumba ya kuku. Gradi alikuwa anakimbia pembeni yangu na kaske yake, mikono juu, anaita freni, freni, mi pia naita freni, na kuku banaita bitu vyabo. Nilizima na mukono ya kushoto wakati tulikuwa tumegusa ukuta. Bati ya kuku ilibaki ku kichwa ya motokari sawa kofia ya askofu.

Hakuna mwenye aliumia, mbali na kuku.

Simone aliangalia sombe yake. Akasema polepole baite batu ba mitraye, basingoje Pasaka.

Fidélie akageukia yule kijana. Akasema kazi ya buko yenye kutupa mukubwa mu mavi ya kuku si kazi. Mukono yenye ilifunga hii, hatuwezi kuipatia mutoto wetu. Falonne alikuwa pale pale, alishika kinywa na mikono mbili.

Mi nilikuwa nafungua kinywa. Sijui nilitaka kusema nini. Gradi akatangulia. Akavua kaske, nikaona kichwa yake mara ya kwanza.

"Ni resori," akasema. "Resori ilikuwa teke, imelegea. Munisamehe."

Yenga, 18 Januari

Sikuenda ku misa.

19 Januari

Mvua.

20 Januari

Mvua. Kuku mumoja bado hajarudi. Falonne anapiga bukari na chuki, inatoka na madonge.

21 Januari

Nilienda kuona Mama-buko wakati Simone alikuwa ku soko. Nilisukuma pedale na mukono ya kushoto, nikaachia. Ikaruka juu sawa chura. Nikasukuma tena. Chura.

Resori haina kosa. Yule mupumbavu wa kaske amesema uongo juu ya kunikinga, mbele ya batu, na mi nilinyamaza, na sasa kila sombe nakula iko na uchungu. Nani alimutuma?

Posho, 24 Januari

Gradi alikuja kuchukua bitu vyake vya plastiki. Mvua ilikuwa ndogo. Nikamuita chini ya bati.

"Juu ya nini ulisema resori?"

"Ningesema nini, Kambo?"

"Kweli."

Alikuwa anafuta moja ya vile bitu na mukono ya shati, anafuta fasi yenye ilisha kutakata. "Tangu nilianza kuja hapa, naona kandambili yako ya kuume. Haiinukake. Inachora udongo sawa nyoka."

"Uliona. Na ukaniwekea pedale ya muguu ile ile."

"Wewe njo uliomba ya kuume. Na mi nilikatazwa kuuliza."

Nilimunyanganya kile kitu ya plastiki, nikaiweka chini.

Nikaita Fidélie na Simone, nikabaambia resori ni muzima, ni muguu yangu njo ilikataa. Nilingoja mbingu ianguke. Fidélie aliendelea na maharagi yake.

"Yaya, ile muguu tunaijua tangu mwezi wa tisa. Mutaa yote inaijua. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Na juma nzima ulikuwa unamuhukumu kijana wa batu?"

"Alisema ni yeye. Mwenye kusema ni yeye, njo huyo tunahukumu. Ungesema ni wewe, ningekuhukumu wewe." Akapuliza maganda. "Kazi haijakufa. Lakini haijaisha. Aendelee."

Nilikasirika siku nzima. Bote balijua! Nilikuwa natembea mbele ya batu sawa mutu mwenye kuficha mbuzi chini ya koti, na mbuzi analia.

Posho, 7 Februari

Sasa amepata wazimu. Ametoa pedale pale ilikuwa, ameifunga chini ya kiti ingine, ya mwenye kubebwa. Pale mutu wa volan hawezi kuifikia, labda akuwe na muguu wa twiga. Kisha akaleta kiatu ya ndoa ya Falonne, ile nyeupe, akaweka juu ya pedale, akapima, akaondoa, akapima tena.

Nilimuuliza jogoo kama ku shule ya kaske banafundishaka bitu sawa hii. Gradi akajibu, na heshima yote:

"Kambo, kazi ya buko mwenye nyumba haitoe shauri."

Fidélie alicheka mpaka maharagi ikamwagika.

Posho, 21 Februari

Nimeelewa. Heri nisingeelewa.

Mi nitashika volan na freni. Kukanyaga, muguu yangu inaweza, ata inakanyaga kuliko mbele ya ugonjwa. Ni kuinuka njo inakataa, na freni haiombi kuinuka haraka. Gazi ni ya mwenye kukaa pembeni. Yaani Falonne. Akiondoa muguu yake, resori inafunga gazi, motokari inapunguka mwendo. Gradi alieleza yote ile na mukono yake ya kuume nyuma ya mugongo, sawa mutoto anasoma shairi.

Nikasema tangu lini motokari inaendeshwa na batu babili.

Simone akajibu toka mu jiko: "Tangu ndoa ilianza."

Posho, 7 Machi

Mazoezi. Falonne anakanyaga gazi sawa anaua mende. Namuambia kidogo, bibi yangu. Anauliza kidogo ya namna gani. Nasema kidogo sawa chumvi. Anakanyaga chumvi ya kupika kwa ndoa ya batu mia. Tuligusa ukuta, lakini na heshima.

Posho, 14 Machi

Mvua, na mazoezi. Tuligombana mpaka ku mapera na kurudi. Anasema mi napindua kabla ya kusema. Nasema mwenye volan hasemi, anapindua. Gradi alikuwa anatufuata na muguu, kaske imejaa mayi.

Posho, 28 Machi

Tulienda mpaka ku soko ya Manika na tukarudi bila kugusa mutu. Bana ba taxi-moto baliuliza nani njo shofere. Tulijibu pamoja: mi.

Yenga, 5 Aprili

Pasaka. Batu ba mitraye balikuja kuuliza. Simone aliongea nabo pa mlango, balienda. Sijui alibaambia nini, na sikuuliza, juu kuna bitu ukiuliza vinaharibika.

Yenga, 12 Aprili

Jana njo ilikuwa ndoa. Niko naandika na kichwa yenye kuuma.

Mvua ilinyesha asubui, kisha ikaacha. Nyuma yetu kulikuwa majipe ya kungaa ya barafiki ba Gradi, zinapiga honi, zinataka kupita, na mbele sisi, mwendo wa mutu mwenye kubeba mayai. Falonne alikunja robe yake ya harusi mpaka magoti, akavua kiatu. Na vile Gradi alipima ile kiatu juma ngapi! Akakanyaga na muguu tupu. Pa mulima kabla ya kanisa nikamuambia ongeza, akaongeza sawa chumvi kweli, na Mama-buko akapanda bila kukohoa.

Tulifika pa mlango ya kanisa. Gradi alikuwa pale na kostimu, suti ya ndoa, bila kaske. Ile kichwa ni ndogo. Nikakanyaga freni. Mashini ilikuwa bado inanguruma.

"Ondoa muguu, bibi yangu. Tumefika."

"Ngoja kidogo, Kambo."

Ningeweza kuzima. Nilishika freni tu, na yeye alishika gazi, na motokari ilikuwa inatetemeka pale bila kwenda mbele wala nyuma, batu bote banaangalia. Honi zikanyamaza. Kisha akainua muguu, resori ikafanya kazi yake. Kwa desturi napashwa kusema neno ya kumuachilia. Nilikuwa nimetayarisha ya kumutukana nayo bwana yake, ya kuchekesha kanisa nzima. Haikutoka. Nikasema, "Enda," njo ile tu. Fidélie alisema inatosha.

Kisha misa kuisha, Gradi alikuja kuzungusha manivele na kostimu yake, Falonne anamushikia koti. Ikawaka. Nikakumbuka sina mutu wa gazi. Bibi-harusi anaenda mu jipe na bwana yake, ni kawaida, na mi nilikuwa nimefikiria kila kitu ila ile.

Simone alikuja na mufuko yake. Mwaka nzima aliita ile motokari mitraye. Akapanda, akakaa, akavua kiatu, akaangalia chini.

"Ni hii?"

"Ni hii. Kidogo kidogo, Mama. Sawa chumvi."

Simone anapikaka na chumvi mingi, mi njo nimekula ile tangu ujana. Alikanyaga mpaka chini. Tulipita majipe. Tulipita soko. Tulipita avenue yetu ya nyumbani, nikamuonyesha na kidevu, akasema ameiona. Kofia yangu ilienda kwa batu ba Manika. Nilipiga kelele apunguze.

"Shika volan, Tata," akasema. "Hii ingine si kazi yako."

Benzine kuisha njo ilituzuia, ku barabara ya Mutoshi. Bana ba taxi-moto balitusukuma mpaka nyumbani. Simone hakuondoa muguu ku pedale, ata wakati bale bana balikuwa banasukuma.